Umepewa barua uache karo na uunganishe bomba la majitaka? Soma kabla hujachimba

Mkuu mleta uzi, nimekuelewa hivi: halmashauri imekuandikia kwamba bomba la majitaka limefika mtaani kwenu, uunganishe ndani ya siku 90 na uachane na karo, yaani tangi la majitaka lililofukiwa uwanjani kwako, ambalo halijawahi kukusumbua. Unauliza kama wana haki hiyo, kama kuna ubaya fundi akikuunganishia kimyakimya bila kibali, na kama maji ya gata nayo yanaweza kuingia humohumo maana uwanja wako unatuama maji. Nina miaka kumi na minane kwenye kazi ya bomba. Naanza na la gata, kwa sababu ndilo lililoniumbua.

Mwaka wangu wa tatu kazini mteja aliniomba hivyohivyo. "Bomba lenyewe kubwa, fundi, maji ya paa si yatalisafisha?" Nikaona ana hoja. Nikachomeka bomba la gata kwenye chemba ya majitaka, nikafukia, nikalipwa. Miezi ikapita shwari. Ilipokuja mvua kubwa ya kwanza, nyumba ya bondeni kabisa mwa mtaa ule, ya mama mmoja mtu mzima asiyetufahamu hata kwa sura, ikapokea kinyesi cha mtaa mzima kupitia tundu la sakafu la bafuni. Yeye hakuziba kitu wala hakutupa kitu. Kosa lake ni kuishi chini yetu.

Hesabu niliipiga baadaye, na ningeipiga mapema ningekataa ile kazi. Paa la mita za mraba 200 likinyeshewa milimita 50 kwa saa linashusha lita 10,000. Watu watano ndani ya nyumba, kila mmoja akitumia lita 140 kwa siku, wanatoa lita 700. Yaani paa lilimwaga kwa saa moja kile ambacho wenye nyumba wangekimwaga kwa wiki mbili. Bomba la majitaka hupimwa kwa matumizi ya watu, halipimwi kwa mawingu. Ndiyo maana sheria ndogo za mahali pengi zinakataza maji ya gata, ya uwanja na hata yale yanayotolewa chini ya msingi. Utasikia watu wakitaja miji ya zamani kama London, ambako mvua na majitaka hupita bomba moja sehemu kubwa ya mji. Ni kweli, lakini kwa miaka mingi mvua ikizidi huko mchanganyiko ulikuwa ukimwagika mtoni, kwa hiyo huo si mfano wa kuiga.

Walinikamata kwa moshi. Wakaguzi huziba kipande cha bomba, hupuliza moshi kupitia chemba, halafu husimama barabarani wakiangalia. Nyumba iliyounganishwa vizuri hutoa moshi kwenye bomba la hewa juu ya paa. Ya mteja wangu ilifuka kwenye gata, mchana kweupe, majirani wote wakiwa nje. Nikalipa faini, nikafukua kwa gharama yangu, na nikaenda kupiga deki kwa yule mama. Hilo la deki hakuna aliyeniamuru.

Sasa kuhusu haki ya kukulazimisha. Mara nyingi wanayo, ilimradi bomba liwe ndani ya umbali uliotajwa kwenye sheria yao. Kuna sehemu ni mita 30, kuna sehemu ni zaidi. Waombe wakuonyeshe kifungu na upime mwenyewe. Siku pia huongezwa ukiomba kwa maandishi kabla hazijaisha, lakini ukinyamaza huna cha kujitetea.

Na hilo la "karo langu halinisumbui" nimelisikia kwa wateja wengi. Karo halisafishi maji, linatuamisha tope tu. Maji yanayotoka upande wa pili bado yana vimelea, na udongo ndio unaoachiwa kazi ya kuyachuja. Viwanja vikibanana udongo unazidiwa, na wewe uliye juu huoni kitu. Mwaka 1854 daktari John Snow alifuatilia kipindupindu hadi kwenye pampu ya maji ya Broad Street, London. Baadaye walipofukua waligundua shimo la choo la nyumba ya jirani lilikuwa likivujia kisimani, hata mita moja haikutimia kati yake na kisima.

Kibali nacho nilikuwa nakiona usumbufu wa kukusanya ada. Siku hizi sifukii mtaro kabla mkaguzi hajashuka, hata mteja akinuna. Anachoangalia ni mteremko: bomba la milimita 110 tunalilaza kwa 1 kwa 40, maana yake sentimita 2.5 kwa kila mita. Likilala bapa, maji yanakwenda na uchafu unabaki. Anaangalia pia namna ulivyoingia kwenye bomba kubwa. Mafundi wa kimyakimya wasio na kibali hupasua bomba la umma kwa tindo, wanasukumiza lao ndani na kuzungushia saruji. Ncha inabaki imejitokeza humo, kila kitambaa kinachopita kinanasa hapo. Nimefukua viungo vya namna hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara aliyekuwa akilipia kuzibua ni mwenye nyumba wa juu yake, asiyejua sababu.

Muulize pia mkaguzi wajibu wako unaishia wapi, kwa sababu hili hutofautiana sana. Kwa Uingereza na Wales, tangu tarehe 1 Oktoba 2011 mabomba mengi ya pamoja, na vipande vilivyo nje ya mpaka wa kiwanja, ni mzigo wa kampuni za maji. Katika miji mingi ya Marekani ni mzigo wa mwenye nyumba hadi bomba linapogusa lile la barabarani, hata chini ya lami. Jibu lake ulipate kwa maandishi.

Karo la zamani usiliache wazi wala usilifunike tu. Linanyonywa lote, sakafu yake inatobolewa ili lisihifadhi maji, kisha linajazwa mchanga au kokoto na kushindiliwa. Lililoachwa tupu, mfuniko wake huchakaa hadi siku mtoto akikanyaga. Na tafadhali, mtu asishuke humo "dakika mbili tu" kuokota kitu. Gesi ya humo hunuka kama yai viza ikiwa kidogo, ikiwa nyingi pua inaacha kuihisi, na kinachofuata ni kuanguka. Anayeshuka kumwokoa wa kwanza huanguka naye.

Vya kutomwaga utavikuta kwenye sheria yao: petroli, rangi, tindikali, vitambaa, mafuta ya kupikia. La mafuta watu hulidharau, wanasema nimeyamwagia maji moto. Maji moto huyapeleka mbele tu, yakaganda kwa jirani. Mwaka 2017 chini ya Whitechapel, London, walikuta bonge la mafuta na vitambaa lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130 hivi.

Kwa hiyo kabla hujaita mtu wa kuchimba, nenda ukaulize kina cha bomba lao hapo mbele ya kiwanja chako. Likiwa juu kuliko bomba linalotoka chooni kwako, mteremko hautapatikana na itabidi uweke pampu, na hiyo ni hoja halali ya kuomba muda au msamaha. Likiwa chini, omba uwekewe na vali ya kuzuia majitaka kurudi, hasa kama uko bondeni. Leta hapa kina cha bomba lao, kina cha bomba lako na urefu wa kutoka chooni hadi barabarani, tukupigie hesabu.