Gereji ya Wasomaji: Taa za Fuso zimefifia, ninunue globu gani?

SWALI

Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa Fuso ya tani kumi. Nabeba korosho kutoka maghala ya vyama vya msingi huku Tandahimba kupeleka Mtwara mjini. Msimu ukichanganya tunapakia mpaka jua linazama, kwa hiyo safari yote inakuwa ya usiku. Taa zangu zinawaka njano kama kibatari. Nikipishana na gari nikashusha dimu, pembeni sioni kitu, na saa hizo ndiyo watu wanarudi kutoka mashambani kwa baiskeli zisizo na taa. Muuza spea kaniambia niweke globu za wati 100/90. Dereva mwenzangu kaweka za LED na anazisifia sana. Tajiri kakubali kutoa hela ya kitu kimoja tu. Nichague kipi?

Dereva, Tandahimba

JIBU

Marahaba mwanangu. Hela ya tajiri usiipeleke kwenye globu. Ipeleke kwenye waya na rilei mbili, yaani swichi ndogo zinazowashwa kwa umeme. Nitakueleza kwa nini, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujarudi kwa huyo muuza spea.

Fuso yako ina betri mbili, umeme wake ni wa volti 24. Toa globu uisome kitako: kama ni ya aina ya H4, yenye nyuzi mbili za fulu na dimu, utakuta imeandikwa 24V 75/70W, yaani wati 75 kwenye fulu na wati 70 kwenye dimu. Globu hiyo ikiwa nzima na ikapata umeme wake wote, mwanga wake unatosha kabisa kukutoa Tandahimba mpaka bandarini. Ikiwaka njano, mara nyingi ni kwa sababu umeme unaishia njiani.

Fuata njia unayopita huo umeme. Unatoka betri, unapanda kwenye kabini, unapita swichi ya taa, kisha kifimbo cha fulu na dimu kwenye usukani, unashuka tena mbele kupitia plagi kadhaa, unawasha globu, halafu unarudi kupitia athi iliyofungwa kwa boliti kwenye bodi. Kila kiungo humo kinakula kidogo. Kwenye gari la zamani vinakula sana, na kwa sisi wa pwani ni zaidi. Gari linalolala Shangani au Mikindani linapigwa na upepo wa chumvi usiku kucha. Menya waya wa athi wa gari kama hilo, utakuta shaba imegeuka kijani mpaka ndani ya ganda la plastiki. Wewe unashinda juu Tandahimba, lakini foleni ya kushusha mzigo mjini inakulaza ufukweni kama wengine.

Sasa pima. Washa injini, kanyaga mafuta kidogo, washa dimu. Weka mita kwenye betri: alteneta nzima inatoa kati ya volti 27.5 na 28.5. Kisha pima nyuma ya plagi ya globu, plagi ikiwa imechomekwa na taa inawaka. Hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu ukichomoa plagi hakuna umeme unaotembea, na mita itakuonyesha volti zote hata kama waya umebaki nyuzi mbili. Ukipata 27 au zaidi, waya zako ni nzima na tatizo liko kwingine. Ukipata 25 au chini yake, umempata mwizi. Globu ya halojeni, kama hiyo H4, haipungui mwanga sawasawa na volti: volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga unashuka kwa asilimia 30 hivi, na rangi inakuwa hiyo njano unayoilalamikia. Kabla hujaondoa mita, weka ncha moja kwenye waya wa athi wa globu na nyingine kwenye hasi ya betri. Isizidi nusu volti. Ikizidi, fungua boliti ya athi, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi.

Sasa utaona ubaya wa wati 100/90 kwenye waya zilezile. Kwenye fulu, wati 75 kwa volti 24 zinavuta ampea 3.1. Wati 100 zinavuta 4.2. Umeme mwingi zaidi ukipita kwenye kiungo kibovu, volti zinazopotea zinaongezeka, kwa hiyo hupati mwanga uliolipia. Na joto la pale kwenye kiungo linapanda karibu mara moja na robo tatu ya lilivyokuwa. Mafundi wa gereji za Mtwara wanajua mwisho wake: plagi iliyoyeyuka ikagandana na globu, na kifimbo cha usukani kilichoungua ndani. Kikiungua usiku, taa zote mbili zinazimika kwa pamoja, nawe una mzigo wa korosho nyuma.

Kazi ninayotaka fundi akufanyie ni hii. Waya mnene, milimita za mraba 2.5, utoke moja kwa moja kwenye chanya ya betri, upite fyuzi ya ampea 10 iliyo karibu na betri, uende kwenye mguu wa 30 wa rilei ya volti 24. Mguu wa 87 uende kwenye globu. Waya wa zamani wa taa usitupwe. Sasa waya huo utakuwa na kazi ndogo tu ya kuamsha rilei kupitia miguu ya 85 na 86. Rilei moja na fyuzi yake kwa fulu, nyingine na yake kwa dimu, ili moja ikifa usibaki gizani. Athi mpya, waya wa unene uleule, kutoka kila taa mpaka kwenye chesisi. Mwambie fundi apime kwanza swichi inakata upande gani, kwa sababu magari mengi ya Kijapani swichi ya taa hukata upande wa athi, si upande wa moto. Fundi asiyelijua hilo atafunga rilei, taa zitagoma kubadilika, naye atakwambia rilei ni feki.

Kuna mchezo mwingine unaofanywa na nauchukia: kufunga globu za volti 12 na kuvuta umeme kwenye betri moja kati ya mbili. Betri moja inachoka, nyingine inajazwa kupita kiasi, na baada ya muda zote mbili zinakufa. Fundi akikupendekezea hilo, ondoa gari lako.

Baada ya waya, tazama taa yenyewe. Mng'ao ule wa ndani ya kikombe cha taa, kinachorusha mwanga mbele, ni utando mwembamba sana wa alumini. Ukiwa umebabuka au umegeuka kijivu, hakuna globu itakayokusaidia. Nunua taa nzima. Wala usijaribu kuufuta kwa kitambaa, unatoka wote. Kioo cha nje kikiwa cha plastiki kilichopigwa na jua kikawa njano, hicho kinapona kwa msasa wa maji, anza na 800, kisha 1500, kisha 2000, halafu polishi. Globu ikifika miaka mingi ibadilishe zote mbili kwa pamoja, na usishike kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanaungua juu ya kioo cha moto na kukipasua. Ukigusa kwa bahati mbaya, futa kwa spiriti.

Dukani utakuta globu zilizoandikwa mwanga zaidi kwa wati zilezile. Nyingine ni nzuri kweli, ila uzi wake umebanwa ili utoe mwanga mwingi, kwa hiyo maisha yake ni mafupi. Na uzi wa volti 24 ni mrefu na mwembamba kuliko wa volti 12, hauipendi mitikisiko. Kutoka Mtwara mpaka Mnivata una kilomita 50 za lami, lakini barabara za kuingia kwenye maghala ya vijijini unazijua mwenyewe. Wewe nunua globu ya lori iliyotengenezwa kuhimili mtikisiko. Zile zenye rangi ya bluu ziache. Rangi ile inachuja na kupunguza mwanga. Barabara inaonekana nyeupe zaidi huku ikiangazwa kidogo zaidi.

Kuhusu LED za mwenzako. Kikombe cha taa yako kimechorwa kwa kufuata uzi mmoja mdogo uliokaa mahali pake kwa kipimo cha milimita. Ndani ya H4, chini ya uzi wa dimu, kuna kikinga kidogo cha chuma kinachokata mwanga usipande juu. Ukiweka vipande vya LED ambavyo havikukaa palepale, mwanga unasambaa kila upande. Dereva anafurahi kwa sababu mbele ya bampa panawaka kama mchana. Jicho linazoea mwanga huo wa karibu, na mbali, anakotakiwa kuona, panazidi kuwa giza. Anayekuja mbele yake haoni chochote. Fikiria mama anayetembea ukingoni mwa barabara na mtoto mgongoni, katikati ya lori lenye taa hizo na wewe uliyepofuka. Mwanangu, hilo ndilo linalonifanya niandike kwa urefu namna hii. LED inafaa pale inapokuja na kikombe chake, taa nzima iliyotengenezwa hivyo kiwandani kwa ajili ya volti 24. Globu ya LED ndani ya kikombe cha halojeni sikushauri.

Mwisho, lenga taa, kazi isiyohitaji hela. Ukipakia, mkia unashuka na pua inapanda, na dimu yako inapiga machoni mwa watu. Kwa hiyo lenga gari likiwa na mzigo. Tafuta ghala la chama lenye uwanja tambarare, simama mita 10 kutoka ukutani. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini, kiweke alama ukutani kwa chaki, kisha weka alama nyingine sentimita 10 hadi 15 chini yake. Mstari wa juu wa dimu ukae kwenye alama ya chini. Kwa upande wa kushoto mwanga uinuke kidogo, ndiyo unaomulika mtembea kwa miguu na baiskeli. Skrubu za kulengea ziko nyuma ya taa.

Hata ukimaliza yote haya, kumbuka kwamba kwa kilomita 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde. Sekunde moja na nusu ya kushtuka na kufikisha mguu kwenye breki imeshakula mita 33, na breki bado haijaanza kushika. Aliyevaa nguo nyeusi, kwa dimu, unaweza kumwona akiwa karibu kuliko mita 50. Ukishusha dimu, shusha na mwendo.

SWALI

Fundi, nimeagiza Scania iliyotumika kutoka Ulaya, usukani wa kushoto. Inapiga njia ya Masasi hadi Mtwara. Kila gari ninalopishana nalo linaniwashia fulu kunikemea, hata nikiwa kwenye dimu. Globu nimebadilisha mara kadhaa. Nini tena?

Mmiliki, Masasi

JIBU

Ndugu yangu, globu hazina kosa. Ulaya bara wanaendesha kulia, kwa hiyo taa zao zinainua mwanga upande wa kulia ili kumulika ukingo wa barabara. Huku kwetu upande wa kulia ndiko wanakotoka wenzako. Simama mbele ya ukuta uone: mstari wa dimu utapanda kulia badala ya kushoto. Kwanza angalia nyuma ya taa au kwenye kitabu cha gari, kwa sababu baadhi ya taa zina kidole kidogo cha kugeuzia upande. Kama hakipo, dawa ni taa zilizotengenezwa kwa nchi za kuendesha kushoto. Za magari ya Uingereza au Afrika Kusini zitakufaa. Wakati unazitafuta, ziba kwa tepu nyeusi ya kubandika ile sehemu ya kioo inayorusha mwanga kulia, na ulenge taa chini kidogo. Utapoteza mwanga kiasi, kwa hiyo panga safari zako za mchana kwa muda huo.

SWALI

Shikamoo mwalimu wa magari. Mimi ni mama mfanyabiashara, nina Canter ya mboga. Dereva wangu anasema ukungu wa Newala alfajiri unahitaji taa zenye nguvu zaidi. Ni kweli?

Mama wa Newala

JIBU

Marahaba mama. Kwenye ukungu nguvu inageuka kuwa adui. Fulu inagonga matone ya maji yaliyoelea hewani na kumrudia dereva machoni, anaona ukuta mweupe. Atumie dimu. Ukitaka kumwongezea kitu, nunua jozi ya taa za ukungu, zifungwe chini, usawa wa bampa, zenye mwanga mpana na mfupi unaopita chini ya ukungu na kumwonyesha ukingo wa barabara. Njano au nyeupe, zote zinafanya kazi. Kinachosaidia ni kufungwa chini na umbo la mwanga. Ziwe na rilei na swichi yake peke yake, na azizime ukungu ukiisha. Nyuma pia hakikisha taa nyekundu zote zinawaka na vioo vyake vimefutwa vumbi, maana malori ya korosho yanayomfuata alfajiri ni mazito na hayasimami haraka.