Kamera ya joto peke yake haioni uvujaji wa hewa

Je, picha za kamera ya joto pekee zinatosha kuthibitisha kwamba nyumba haivujishi hewa? Hapana. Kamera inasoma joto la uso wa ukuta tu, na bila tofauti ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi kati ya ndani na nje, hata ukuta mbovu utaonekana mzima.

Kinachotoa jibu ni feni ya kupima uvujaji inayofungwa mlangoni. Piga picha kwanza feni ikiwa imezimwa. Kisha iwashe ivute hewa nje hadi tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya ndani na nje ifike paskali 50, subiri dakika 10 hadi 15, halafu piga tena palepale. Nje kukiwa na baridi, doa la baridi lililotanuka kama manyoya kwenye picha ya pili, kutoka kwenye kiungo ni hewa inayopenya. Lisilobadilika, hasa lenye kingo zilizonyooka, mara nyingi ni sehemu isiyo na kihami joto (nyenzo inayozuia joto kupita ukutani), au ni unyevu. Hapo chomeka kipima unyevu ukutani kabla hujaandika chochote kwenye ripoti. Wengi hukosea hapa, wakaziba nyufa huku tatizo ni bomba linalovuja.

Usipime ukuta uliopigwa na jua mchana. Alfajiri ndiyo salama. Na tafadhali, zima kabisa jiko na hita zote zinazochoma mafuta, gesi au kuni kabla ya kuwasha feni, maana itavuta moshi wenye sumu urudi ndani.