Ziwa Nyasa: nani aje, nani abaki kwao

Mhariri, wiki hii mmeuliza kwa nini mtu apande basi mpaka Ziwa Nyasa wakati Zanzibar ipo. Swali limenichoma, maana mimi ni mtu wa Kyela, mkoani Mbeya, kando ya ziwa hilo. Mandhari wataisifu wengine: Milima ya Livingstone ilivyoshuka mpaka majini, Mlima Ngosi na ziwa lake ndani ya kreta, maua ya Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005. Yote kweli. Mimi nitasema nani asije: anayekuja kupiga picha tu.

Mwaka juzi nilimpeleka shemeji yangu wa Dar kwenye soko la vyungu la Lyulilo, hapo Matema, Jumamosi. Wakisi, wafinyanzi wa kando ya ziwa, huleta vyungu kwa mitumbwi kutoka kijiji cha Ikombe. Shemeji simu haikumtoka mkononi. Mwishowe akachagua chungu kipana chenye nakshi shingoni. Mama muuzaji akakigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akakiweka nyuma yake.

"Hiki hapana, baba. Kina ufa, kitakumwagia mboga."

Shemeji akasema si cha kupikia, ni cha kuwekea maua sebuleni.

"Cha nini?"

Mama akawaita wenzake wamsikie mgeni. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kisha akatafuta kingine, akakigonga karibu na sikio la shemeji asikie kinavyolia, akataja bei ileile.

"Punguza basi, mama, ni cha maua."

"Maua nayo yanakunywa maji."

Akakifunga kwa majani makavu, na kilifika Dar kizima licha ya matuta yote ya barabara ya Mikumi.

Sasa naandika huku najiuliza namfukuza nani. Shemeji alikuja kwa ajili ya picha, na picha zake ndizo zilizowaleta jirani zake, nao wakanunua vyungu. Haya, njooni, hata nyie wa picha, ila ombeni ruhusa kwanza. Msije masika, Machi hadi Mei. Kyela mvua haina mzaha (wa maua ya Kitulo wana hesabu yao, kule maua na mvua ni msimu mmoja). Anayetaka meli aulize ratiba kabla hajakata tiketi ya basi. Na mchele wa Kyela nunueni Kyela. Mwingi unaouzwa mjini kwa jina hilo haujawahi kufika kwetu.