Mama wa Stoo Anajibu: Gari la Ofisi na Kiu Yake

SWALI: Shikamoo Mama wa Stoo. Mimi ni afisa ugavi, mwaka wa pili huu kazini, katika halmashauri moja mkoani Mtwara. Tumepangiwa kununua gari moja la usimamizi wa miradi. Mkuu wangu kaniambia nichukue vipimo vya gari lililopita, la silinda nane, nibadilishe tarehe tu. Nilipogusia mafuta akacheka: "Wewe barabara za huku unazijua?" Nimjibu nini?
*Kijana wa Ugavi, Mtwara*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa sasa usimjibu kitu. Nenda kachukue madaftari ya safari ya lile gari la zamani, logibuku zote za mwaka mzima, ukae nazo na chai yako. Kazi ya ugavi nimeifanya miaka 27, Lindi kwanza, kisha Mtwara, na bado sijaona kitu kinachomnyamazisha bosi kama mwandiko wa dereva wake mwenyewe.

Niliwahi kuyasoma madaftari hayo kwa gari moja, ofisi siitaji. Lilikuwa hadtopu, ile ya dizeli ya silinda sita, injini yake ya ujazo wa cc 4,164. Kwenye fomu ya maombi waliandika kwa herufi kubwa MAZINGIRA MAGUMU. Haya, nikaanza kuhesabu. Mjini kwenda Mikindani na kurudi. Benki. Ofisi ya mkoa. Uwanja wa ndege kupokea wageni. Masasi kwa kupitia Mnazi Mmoja, lami mwanzo mwisho. Safari zilizodai forwili kweli, zile za vijiji vya bonde la Ruvuma wakati wa masika, zilikuwa kumi na moja kwa mwaka. Kumi na moja! Siku moja ya Agosti chuma chote kile, tani mbili na ushee, kilitoka Mtwara hadi Mingoyo kupeleka bahasha.

Hadtopu ile ilitupa kilomita 7 kwa lita, siku ikiwa na huruma 8. Jirani zetu walikuwa na dabo kebini ya dizeli ya injini ndogo, 2.4, nayo kwa dereva mtulivu iliwapa 11. Sasa chukua kilomita 30,000 kwa mwaka, kwa miaka 8. Gari la kilomita 7 litakunywa lita 34,000 na kitu. La kilomita 11 halifiki 22,000. Hapo katikati kuna lita zaidi ya 12,000, na ukizikadiria kwa shilingi 2,800 kila moja unapata kama milioni 35. Bei halisi utaiona kwenye tangazo la kila mwezi la EWURA, wale wanaopanga bei kikomo za mafuta, Mtwara ina mstari wake. Matairi sijayagusa, wala bili za TEMESA, wakala wa serikali anayetengeneza magari yetu. Tena kila lita ya dizeli ikiungua inatoa kilo 2.7 hivi za hewa ukaa, ila hilo liweke mwisho wa karatasi. Wakubwa ninaowajua mimi huanza kusoma kwenye milioni.

Na usishangae kwamba hujasikia hesabu hii ofisini. Bei ya gari inakaa kwenye fungu moja la bajeti, mafuta yanakaa kwenye jingine, na anayesaini la kwanza mara nyingi keshahamishwa kabla la pili halijaanza kuuma.

Ukiingia kwenye vipimo, usiandike jina la gari wala idadi ya silinda. Andika kazi. Abiria wangapi, mzigo kilo ngapi, tumbo la gari liinuke kiasi gani kutoka chini, lisizidi lita ngapi kwa kilomita 100. Kisha uandike wazi kwamba zabuni zitalinganishwa kwa bei ya gari pamoja na mafuta na matengenezo ya miaka mnayokusudia kulitumia. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inahimiza thamani ya fedha, na gari halimalizi kutafuna fedha siku linaposhushwa melini. Mambo ya kibali na GPSA, wakala wa ununuzi wa serikali, yana njia yake, lakini maombi yenu ndiyo yanayosema mnataka nini. Mkiomba silinda nane, mtaletewa silinda nane.

Zile siku kumi na moja? Azimeni. Kila wilaya ina hadtopu ya mradi fulani uliokwisha, imelala chini ya mkorosho. Najua wakubwa hawapendi kuombana magari. Mimi mwenyewe niliandika barua tatu kwa ajili ya gari moja, likaja bila betri. Betri tulinunua, safari ikafanyika, na bado hatukukaribia milioni 35.

Ungekuwa unaniandikia kutoka Liwale ningekujibu vingine. Ile barabara ya kuingia ndani kutoka Nangurukuru, mvua ikiwa imeshiba, mtu akikuomba hadtopu mpe na uzi wa kufungia begi. Lakini mkuu wako asikutishe na jina la barabara. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilipokatika kule Somanga, mashangingi yalisimama foleni moja na mabasi na malori ya ndizi.

SWALI: Mama, gesi inatoka Mnazi Bay, hapa hapa mlangoni petu. Kwa nini magari ya serikali ya Mtwara yasifungwe mitungi yote yatumie gesi?
*Mkereketwa, Mikindani*

JIBU: Hata mimi inaniuma, mwanangu. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, tangu 2015 inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam, na huko ndiko bajaji na teksi zinakopanga foleni kujaza. Vituo vingi viko huko. Na kilo moja ya gesi inafanya kazi ya karibu lita moja na nusu ya petroli, kwa hiyo faida ipo, sibishi.

Ila angalia yaliyowapata Wamarekani. Sheria yao ya nishati ya 1992 ilikuja kuzitaka idara za serikali kuu zihakikishe robo tatu ya magari madogo mapya wanayonunua ni ya nishati mbadala. Wakanunua. Mengi yalikuwa yale yanayokubali petroli au ethanoli, na mengi kati ya hayo yakaendelea kunywa petroli, maana pampu ya ethanoli ilikuwa mbali na njia ya dereva. Kwenye ripoti yalihesabiwa ya nishati mbadala vilevile.

Jambo jingine, mtungi unafungwa kirahisi kwenye injini ya petroli. Magari mengi ya serikali huku ni dizeli, na kuibadili dizeli ni kazi ya gharama nyingine kabisa. Kwa hiyo mdai kwanza kituo cha kujazia Mtwara mjini, kisha muanze na magari madogo ya petroli yanayolala mjini kila siku.

SWALI: Bosi akiingia kikaoni anataka gari liendelee kuunguruma ili akitoka akute ubaridi. Mafuta yakiisha kabla ya mwezi naulizwa mimi. Nifanyeje?
*Dereva, Lindi*

JIBU: Pole baba. Gari kubwa la dizeli likisimama na kiyoyozi linaweza kumaliza lita moja na zaidi kwa saa. Andika kwenye logibuku, chini ya kilomita zako: "Saa mbili na nusu, injini inawaka, gari limesimama, kwa maelekezo." Kisha umpelekee asaini, kwa adabu, kama unavyompelekea kila siku. Dereva wetu mmoja alifanya hivyo. Wiki ya kwanza bosi alisaini bila kusoma, ya pili akasoma, ya tatu akauliza mwenyewe kama hakuna mwembe wa kuegesha.