Darasa la watoto 90: jibu kwa mwalimu mpya wa Chamwino

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanyeje na Darasa la Tatu lenye watoto 90, ambao wengi wao huzungumza Kigogo nyumbani na hunyamaza ukiwauliza jambo kwa Kiswahili. Usiuchukulie ukimya huo kuwa ujinga; wapange wawili wawili, kila mmoja amweleze mwenzake jibu kwa lugha yoyote aipendayo, kisha ndipo walitamke mbele ya darasa, nawe utasikia sauti ambazo hukuzitarajia. Andalio la somo liwe na zoezi moja unaloweza kulisahihisha siku hiyo hiyo. Mtama unapokaribia kuiva, baadhi ya watoto watakosa shule kwa kuamia ndege shambani (nami niliwahi kuwaadhibu kwa hilo, nikakosea), hivyo zungumza na wazazi mapema.