Jibu: Kuandaa Misa ya shule inayohudumiwa na watoto

Mwalimu, umeuliza kama unaweza kupunguza masomo ya Biblia yanayosomwa kwenye Misa ya kufungua muhula, na jinsi ya kuwaandaa wasomaji wa darasa la nne.

Kupunguza kunaruhusiwa. Maelekezo ya Misa pamoja na watoto yaliyotolewa na Vatikani mwaka 1973 yanakubali hata somo moja, ila Injili haiachwi kamwe. Zungumza na padre mapema, ukiwa umeshaangalia kalenda ya liturujia (kalenda ya ibada na sikukuu za Kanisa), kwa sababu siku ikiangukia sherehe ina masomo yake.

Panapoharibika zaidi ni kwenye usomaji. Mtoto anafanya mazoezi darasani kwa karatasi, kisha akifika mimbarini anakuta maikrofoni iko usawa wa paji la uso na kitabu kina mpangilio asioujua. Anaogopa, anakimbiza maneno. Fanyeni mazoezi kanisani, kwa kitabu kile kile, spika zikiwa zimewashwa, na mtafutie kibao imara cha kusimamia. Afundishwe kunyamaza na kuhesabu kimoyomoyo hadi tatu kabla ya tamko la mwisho la somo, “Neno la Bwana”. Andaa msomaji wa akiba pia, mwenye somo lile lile.

Maombi ya waamini watoto waandike wenyewe, tafadhali. Yana uzito wa kweli yakitoka kwao. Manne yanatosha: Kanisa, viongozi na dunia, wenye shida, jumuiya ya shule. Kila ombi sentensi moja.

Watoto ambao bado hawajaanza kupokea Komunyo waelezwe siku moja kabla kama watabaki mabenchini au watasogea kubarikiwa, kadiri ya utaratibu wa paroko.