Madogo wa apu ya intavali, chomoeni waya kwanza

Madogo, jana nilitaka kuandika hii nikiwa na hasira nikajizuia, leo nimepoa kidogo. Kila akija mtu wa fildi au mwajiriwa mpya kwenye apu yetu ya mazoezi ya intavali (unakaza, unapumzika, unarudia), wiki za mwanzo lazima aniletee bagi, yani makosa ya programu, zilezile, tena kwa kujiamini kabisa, "bro iko freshi, nimeshaitesti." Umeitesti wapi? "Hapa mezani." Haya, kaeni.

1. Raundi 8 zina mapumziko 7. Sio 8. Mtu kamaliza sprinti ya mwisho yuko hoi, apu bado inamhesabia sekunde 10 za kupumzika ndo imwambie hongera, na jumla ya muda pale juu inadanganya, maana sekunde 20 kazi 10 pumzika, mara 8, mnaandika 4:00 wakati ukikata ile ya mwisho ni 3:50. Na tukiwa hapo hapo, acheni kuita kila kitu Tabata jamani. Izumi Tabata na wenzake utafiti wao ulitoka 1996, watu wako kwenye baiskeli ya maabara, sekunde 20 kazi 10 pumzika, raundi saba nane hivi, kwa nguvu ya kama 170% ya VO2max (kiwango cha juu kabisa cha oksijeni mwili unachoweza kutumia), yani mtu anashuka pale hajielewi. Juzi nafungua violezo nakuta dogo mmoja kaweka "Tabata dakika 40 kwa wanaoanza". Wanaoanza nini, kufa?

2. Mtu akihariri zoezi leo, historia ya jana isiguswe. Nakili zoezi lote ndani ya rekodi siku linapofanyika, na kilichopangwa kikae mbali na kilichofanyika.

3. Taima. Hii ndo ilinitoa jasho, someni taratibu.

Taima yangu ya kwanza niliiandika kama mnavyoandika nyie, kila sekunde ikipita punguza moja, ikifika sifuri piga filimbi nenda hatua inayofuata. Nikaitesti wiki nzima simu ikiwa kwenye kebo ya laptopu, inapiga filimbi vizuri mpaka mama mwenye nyumba akaja kuuliza kuna mechi gani. Nikajisifu kwenye grupu letu la jogging, Jumamosi twendeni Capri Point ya Mwanza tukaijaribu kwenye kilima, sekunde 60 kupanda kwa nguvu, dakika 2 kushuka ukitembea, raundi 6. Watu wakaitikia kweli, tukakusanyika kule chini karibu na ziwa asubuhi kabla jua halijachachamaa, kila mtu na simu yake, wengine wamevaa mkononi wengine mfukoni. Mimi kifua mbele.

Raundi ya kwanza ikaenda vizuri kwa sababu kila mtu alikuwa anachungulia skrini, kitu kipya. Ya pili watu wakazoea wakafunga simu wakatia mfukoni, tukaanza kupanda. Vijana wanaosikiliza muziki kwa spika za masikioni wakasikia filimbi wakasimama. Mimi na mzee mmoja mwalimu mstaafu hatukusikia kitu. Mimi kwa kuwa nimewaona wengine wamesimama nikasimama, ila mzee alikuwa mbele, hakugeuka, na ni mtu wa nidhamu, kaambiwa panda mpaka filimbi basi anapanda mpaka filimbi. Tunamwita, hasikii. Tunamwona anapotelea kwenye kona kule juu kwenye mawe, bado anakimbia.

Tukamkuta kakaa juu ya jiwe, mkono kifuani, anahema kwa mdomo na midomo imepauka kabisa. Akaitoa simu mfukoni anionyeshe, ile kuwasha tu skrini apu ikaamka ikasema kwa sauti ya furaha, ile niliyoirekodi mimi mwenyewe, "Bado sekunde thelathini, kaza!" Mzee akaniangalia tu. Hakusema kitu. Ningepewa shimo ningeingia. Na kwenye historia panda yake yote ile ikaja kuandikwa ni sekunde 60 kamili, imewekewa na tiki ya kijani.

Sasa aibu yenyewe sio bagi. Aibu ni kwamba nilirudi nyumbani nikasema simu ya mzee mbovu. Nikamwambia na yeye hivyo hivyo, mzee simu yako ya zamani hii, badilisha, na akakubali, akaomba radhi! Mtu karibu afie mlimani kwa code niliyoiandika mimi halafu ananiomba radhi mimi. Nilikuja kushtuka baadaye nilipojiuliza mbona hata yangu ilinyamaza na ni mpya, na mbona wale wenye muziki wote walisikia. Jibu lilikuwa hapo hapo. Muziki ukicheza prosesa hailali. Simu iliyo kwenye kebo nayo hailali. Simu iliyofungwa, ipo mfukoni, haina muziki, prosesa inalala na taima yako inalala nayo, ukiiwasha inaendelea pale ilipoachia kama vile hakuna kilichotokea. Mimi siku zote nilikuwa naitesti simu iliyo macho. Nilimfuata mzee kwake Kirumba nikamweleza ukweli, akacheka, ila kilima hajarudi tena, anasema yeye sasa ni mtu wa kutembea.

Kwa hiyo: usihesabu sekunde, hifadhi muda wa kumaliza halafu kila mara iulize saa ya simu umebaki muda gani, na uliza elapsedRealtime, saa ya ndani ya Android ambayo inaendelea hata simu ikilala, sio uptimeMillis inayosimama, wala sio saa ya ukutani ambayo mtu au mtandao anaweza kuibadilisha katikati ya zoezi. Endesha ndani ya foregraundi sevisi (kazi ya apu inayoendelea hata skrini ikizimwa) yenye notifikesheni, shika weki loku (inayozuia prosesa kulala) zoezi linapoanza na UIACHIE likiisha, tusije tukala betri za watu. Kuanzia Android 13 notifikesheni inaombewa ruhusa, kuanzia Android 14 sevisi lazima itaje aina yake. Halafu kuna simu zina kitunza betri chake cha kiwandani kinachoua apu bila kuuliza, huyo mtumiaji mwelekeze akakizime kwa apu yetu, kwa picha, sio kwa maelezo ya kurasa mbili.

Na anayeniambia ikichelewa sekunde moja mbili si kitu, mashindano ya dunia Tokyo 2025 Simbu wetu kachukua dhahabu ya marathoni kwa tofauti ya sekunde 0.03, yeye na Mjerumani wote wameandikiwa 2:09:48. Nenda kamwambie yeye si kitu.

4. Sauti ya kocha ipunguze muziki wa mtu, isiuzime, na ikimaliza kuongea irudishe. Mnasahau kurudisha.

5. Kikumbusho. Mtu wa Igoma anataka kuamka saa 11 alfajiri, anaandika 11:00, apu inamwamshia mchana akiwa dukani kwake na wateja. Wekeni neno alfajiri, asubuhi, jioni pale pembeni. Nimelisema hili mpaka mate yamenikauka, na dogo aliyekuwa anabisha ndo huyo huyo alichelewa interviu yake kwa sababu hiyo hiyo, sitamtaja, anajijua, na anasoma hapa.

6. Sprinti fupi zipimwe kwa muda, msitegemee GPS. Kosa la mita kadhaa kwenye kilomita 10 halionekani, kwenye mita 100 linakufanya uwe Bolt.

7. Kitufe cha kuruka hatua kiwe kikubwa. Mjaribu na vidole vyenye jasho, sio vilivyotoka kula keki ofisini.

Wa iPhone msidhani mmepona, kule apu ikienda nyuma inasimamishwa fasta isipokuwa imetangaza kazi inayoruhusiwa, kama kucheza sauti au kufuata lokesheni. Anayeshika upande huo aje tukae Jumatatu, na aje na simu, sio simyuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta).